Umepangiwa Kituo Usichokijua: Mwongozo wa Kufundisha Darasa la Makabila Mengi

Barua ya ajira imetoka na umepangiwa halmashauri ambayo hujawahi kuikanyaga. Kwenu ni Rombo, Muleba au Tukuyu. Kituo chako ni shule ya msingi katika Mkoa wa Manyara, tuseme Mbulu, Hanang', Kiteto au Simanjiro. Siku ya kwanza unafungua daftari la mahudhurio la Darasa la Tatu: Lemayian, Naserian, Qambalo, Gidamis, Masanja, Mwanahamisi, Neema. Watoto themanini na kitu, madawati hayatoshi, na nusu yao wanakutazama bila kuitika.

Manyara nimeichagua kwa makusudi. Ni miongoni mwa sehemu chache sana barani Afrika ambako lugha zisizo na undugu wowote zinasemwa jirani kwa jirani. Kimaasai na Kidatooga ni Kinailoti. Kiiraqw ni Kikushi. Kirangi na Kimbugwe ni Kibantu. Kule Yaeda Chini kuna Kihadzabe, chenye vidoko, ambacho wataalamu wameshindwa kukipatia ndugu. Mwalimu atakayeweza kufundisha hapa ataweza Ifakara, Kasulu na hata Temeke, ambako kila dawati lina makabila matatu.

Wengi wetu tukiambiwa darasa liheshimu utamaduni wa watoto, tunafikiria ngoma. Wageni wakija, watoto wanavishwa shanga na mashuka, wanaruka, afisa elimu anapiga makofi. Kesho yake somo la sehemu linaendelea kwa mfano wa keki ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuiona ikikatwa. Ngoma haina ubaya, ila haimfundishi mtu robo na nusu. Kinachomsaidia mtoto ni mwalimu kujua amekuja shuleni na maarifa gani kutoka kwao, kisha kuyatumia kumfikisha kwenye umahiri uleule ulioandikwa katika muhtasari. Umahiri wenyewe haupunguzwi hata chembe. Mtihani atakaoufanya Lemayian ndio atakaoufanya mtoto wa Masaki, na ukimhurumia kwa kumfundisha kidogo umemdhulumu.

Majina, salamu na fomu

Anza na majina. Wiki ya kwanza isiishe hujajua kuyatamka, na anayekufundisha awe mwenye jina mwenyewe. Herufi q, tl na hh katika majina ya Kiiraqw zinawakilisha sauti ambazo Kiswahili hakina. Utakosea na watoto watacheka. Rudia palepale mbele yao. Wakishaona ulimi wako unahangaika na majina yao, hawataona haya ulimi wao ukihangaika na Kiswahili. Usimbatize mtoto jina jepesi kwa kuwa lake linakushinda. Hali kadhalika majina ya makabila: Wadatooga wamezoea kuitwa Wamang'ati, na Wahadzabe wanaitwa Watindiga, majina waliyopewa na majirani, na hilo la kwanza kwa Kimaasai ni adui. Waite wanavyojiita.

Mtoto wa Kimaasai anamwamkia mkubwa kwa kuinamisha kichwa ili aguswe utosini. Shikamoo ataijifunza shuleni, na aijifunze, maana ataihitaji maisha yake yote. Lakini asubuhi ya kwanza akikuletea kichwa, mguse. Ukimpita, kwa mizani yake umekataa salamu. Na kutazama chini mkubwa anapozungumza ni adabu karibu kila boma na kila nyumba ya mkoa huu, kwa hiyo ile kauli ya "nitazame usoni ninaposema nawe" iache huko huko chuoni.

Kuna jambo la fomu ambalo walimu wageni hawalijui. Fomu ya kuandikisha inataka majina matatu: la mtoto, la baba na la babu. Mwanamke wa Kidatooga aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wala maneno ya kawaida yanayofanana nalo kwa sauti. Ana msamiati mzima wa maneno ya badala. Sasa babu wa mtoto ndiye baba mkwe wa mama. Mama anafika mezani kwako, anataja jina la kwanza, la pili, kisha ananyamaza. Ofisini watasema mzazi gani huyu asiyejua majina ya mwanawe. Anayajua vizuri kuliko wewe. Muulize kaka wa mtoto, au mpe fomu mwenyekiti wa kitongoji aijaze, na mama umshukuru kwa kuja. Kama umetoka Tukuyu, bibi yako hatashangaa, kwani hata Unyakyusa mke alikuwa akimkwepa baba mkwe hadi kwenye jina.

Kwa Wamaasai, jina la marehemu halitajwi ovyo. Ukifika kwenye zoezi la kuchora ukoo, ruhusu mtoto aandike "babu" au "bibi" bila jina. Zoezi halitaharibika.

Kiswahili ndiko tunakokwenda, lakini kila mtoto ana umbali wake

Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na ndicho kitakachokuja kwenye upimaji wa Darasa la Nne. Hilo halina mjadala, na wazazi wenyewe ndicho wanachokitaka. Mjadala uko kwenye njia ya kukifikia.

Watoto hawa hawako mbali na Kiswahili kwa umbali mmoja. Masanja, aliyehamia na wazazi wake kutoka Usukumani, akisikia "mtu" tayari ana "munhu" kichwani. Ngeli anazo tangu alipoanza kusema. Naserian hana hata moja. Kimaasai kinagawa nomino kwa jinsia, ya kiume na ya kike, na hakijui habari za ki- na vi-. Akisema "kitabu yangu" usimwite mzembe. Anajaribu kujenga nyumba kwa ramani ambayo hajaonyeshwa. Usimpime kwa kasi ya Masanja. Upande wa pili, usidanganywe na jina. Mji wa Mirerani, kwenye tanzanaiti, umejaa watoto wenye majina ya kila kabila ambao lugha ya nyumbani kwao ni Kiswahili tupu. Uliza wiki ya kwanza, mtoto mmoja mmoja: ukiwa nyumbani, mama anakuita ule kwa lugha gani? Swali hilo linatoa jibu la kweli kuliko kuuliza kabila.

Nyuma ya daftari lako la maandalio ya masomo andika sauti zinazowasumbua watoto wako, kwa lugha zao. Kimaasai hakina f, v wala z. Kisukuma kwa asili hakina r, ndiyo maana Masanja anaandika "lafiki". Mkurya akiwepo atakufanyia kinyume chake. Ukishajua, huna haja ya kukemea darasa zima kila siku. Tenga dakika tano za mwanzo wa kipindi cha Kiswahili kwa jozi za maneno: kula na kura, mahali na mahari, faa na vaa, saa na zaa. Watoto wanazipenda kwa sababu zinachekesha, na sikio linazoea kabla ya ulimi.

Halafu amua mapema unasahihisha nini. Kwenye imla, "lafiki" ni kosa na linakatwa alama. Kwenye Sayansi, mtoto aliyeandika kwamba samadi huongeza "lutuba" ya udongo amejibu swali. Mpe alama yake yote na umwandikie neno sahihi pembeni. Nimeona madaftari ya watoto wanaojua sayansi vizuri yakiwa yamejaa alama za kukosa, zote za l na r. Mtoto wa namna hiyo anajifunza kwamba sayansi haiwezi.

Kuhusu kilugha darasani, zipo shule ambazo bado zinamvisha mtoto kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya kwao. Kinachopatikana ni ukimya, na ukimya huo unaingia hadi kwenye vipindi. Fanya hivi badala yake. Swali gumu likija, wape dakika mbili walijadili katika makundi ya watoto wanne kwa lugha yoyote, kisha mmoja asimame atoe jibu kwa Kiswahili. Huyo anayesimama abadilike kila mara. Mkalimani naye azungushwe, kwa sababu ukimtegemea mtoto mmoja mwenye Kiswahili kizuri awatafsirie wenzake, yeye hasomi tena, na si ajabu akageuka kuwa bwana mdogo anayeuza tafsiri kwa maandazi.

Kuta nazo zisaidie. Tunahimizwa kuwa na darasa linaloongea, na wengi wetu tunabandika chati zilizokuja na vitabu. Bandika pia za watoto: neno la Kiswahili kwa herufi kubwa juu, chini yake kilugha kimoja kimoja, "maji", "enkare", "minzi", kila mtoto akileta lake kutoka nyumbani baada ya kumuuliza mkubwa. Boksi la sabuni lililokatwa linatosha, mradi unajua kufaragua. Wewe mwenyewe jifunze maneno thelathini ya kila lugha kubwa ya darasa lako. Chagua yale ya dharura: njoo, kaa, polepole, wapi panauma, choo, asante. Mtoto wa Darasa la Kwanza aliyejikojolea kwa kukosa neno la kuombea ruhusa huenda asirudi kesho.

Maarifa yaliyokuja na mtoto

Hapa ndipo penye utajiri, na hapa ndipo mwalimu mgeni anapopitwa.

Mwaka 1992 watafiti wa Tucson, jimbo la Arizona, Marekani, akiwemo Luis Moll, walichapisha kazi waliyoifanya pamoja na walimu katika familia zenye asili ya Mexico. Walimu walikwenda majumbani si kulalamikia utoro, bali kujifunza: watu hawa wanajua kulima nini, kutengeneza nini, kuuza nini, kutibu nini? Wakarudi darasani wakatunga masomo kutokana na yale waliyoyakuta. Mbinu hiyo haihitaji mradi wala posho ya semina. Inahitaji miguu na masikio.

Nenda boma la Kimaasai kabla mifugo haijatoka au baada ya kurudi jioni, maana katikati hutamkuta mtu wa maana. Salimu wazee kwanza. Chai ya maziwa ikija, kunywa. Usitoe daftari, mtu mgeni anayeandika anafanana na mtu wa ushuru. Swali lako liwe moja: mtoto huyu akiwa nyumbani anafanya kazi gani? Utasikia kwamba Lemayian, yule unayemwona mzito wa hesabu, anachunga ndama na mbuzi, na mmoja akipungua anamjua kabla hajafika zizini. Hawahesabu, anawatambua kwa rangi, madoa, umbo la pembe na alama ya ukoo iliyochanjwa sikioni. Huo ni uainishaji, na ndio moyo wa mada ya seti. Mpe kazi ya kuwagawa wanyama wa picha kwa sifa mbili kwa pamoja, wenye madoa na wenye pembe, na wenye vyote viwili wakae wapi. Atakuwa mwalimu wa kundi lake siku hiyo.

Lakini usimuulize baba yake ana ng'ombe wangapi. Kwa Wamaasai, kama ilivyo kwa wafugaji wengi, kuhesabu mifugo hai au watoto kwa sauti ni kuita balaa. Swali hilo linamfanya mtoto achague kati ya kukujibu na kuwaheshimu wa kwao, na atanyamaza. Tumia mbuzi wa kwenye ubao, au wa mnada. Mnada ndio kitabu bora cha Hisabati katika wilaya hizi: bei ya kununua, bei ya kuuza, ushuru wa halmashauri, usafiri, faida, hasara, asilimia. Watoto wa Kiiraqw na Kirangi wanajua bei za mahindi, mbaazi na vitunguu. Wa Kimaasai na Kidatooga wanajua za mbuzi. Waunganishe kwenye swali moja: madebe mangapi ya mahindi kwa beberu mmoja? Watabishana, na katikati ya ubishi huo uwiano unaeleweka bila kuliandika neno lake.

Kuna pia michezo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mpangilio wake wa safu nne za mashimo manane ni jedwali la kuzidisha lililochimbwa kwenye mti. Wamaasai wana enkeshui, Wasukuma wana isolo. Mchanga na kokoto vinatosha. Mwambie mtoto aeleze, kabla ya kucheza, kete zake zitaishia shimo la ngapi. Hiyo ni kugawa na kubaki. Wamaasai wana namna yao ya kuonyesha namba kwa mkono mmoja, kila namba na umbo lake la vidole, na Claudia Zaslavsky alieleza ishara za namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1973 juu ya hesabu za Afrika. Mwombe Naserian awafundishe wenzake. Zitakufaa hata wewe siku ya kelele nyingi.

Sayansi ndiyo isiyo na mwisho. Wahadzabe wana ndege anayewaongoza kwenye mzinga wa nyuki. Wanamwita kwa mluzi, naye anaitika na kuruka mti kwa mti hadi penye asali. Watu wanafukiza moshi na kupasua, ndege anabaki na nta. Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji wanamwita ndege huyohuyo kwa mguno wao, na watafiti wamejaribu na kuona kwamba ndege wa kila eneo huitikia zaidi wito wa watu wake. Kama una mtoto wa Kihadzabe darasani, mada ya kutegemeana kwa viumbe isianze na picha ya kitabuni. Ianze na yeye, kama atapenda. Asipopenda, usimlazimishe kuwa maonyesho.

Kwenye Jiografia na Mazingira, nyanda za juu za Mbulu ni somo lililotandazwa nje ya dirisha. Wairaqw wamelima miteremko ile kwa vizazi vingi wakizuia udongo usiteremke, wakati sehemu nyingine zenye miteremko kama hiyo zimebaki makorongo. Watoe watoto nje, muulize mzee anayelima jirani kwa nini amelaza mabua vile na kuchimba mfereji pale. Halafu rudi kwenye kitabu usome mmomonyoko wa udongo. Mpangilio huo, nje kwanza na kitabu baadaye, unafaa karibu kila mada.

Tahadhari moja, na naisisitiza kwa sababu walimu wenye nia njema ndio wanaoangukia humo. Usimfungie mtoto katika kabila lake. Si kila mfano wa Lemayian uwe ng'ombe. Lemayian anapanda bodaboda, anatuma pesa kwa simu ya mjomba, anajua wachezaji wa Simba na Yanga kwa majina. Tena ana haki ya kujua vitu ambavyo havipo kwao: papa na nyangumi, reli ya umeme, theluji ya Urusi. Mfano wa nyumbani ni mlango wa kuingilia. Mtoto asiyewahi kuvuka mlango huo hajafundishwa.

Nidhamu na heshima

Darasa la Sita au la Saba utamkuta kijana wa miaka kumi na sita ambaye likizo ya Desemba ametahiriwa. Desemba alikuwa mtoto, Januari ni morani. Kwao anashauriwa, hagombezwi. Ukimsimamisha mbele ya wavulana ambao hawajatahiriwa, au akaadhibiwa na mwalimu wa kike kadamnasi, hutamwona tena. Si lazima ukubaliane na mila hiyo ili uitumie. Mwite pembeni, zungumza naye kama mtu mzima, mpe kazi ya mtu mzima: atunze bustani, asimamie wadogo wanaotembea mbali kupitia porini. Kuhusu fimbo, kanuni za mwaka 2002 zinaweka ukomo wa viboko vinne na kuiacha adhabu hiyo mikononi mwa mwalimu mkuu au aliyemkasimu kwa maandishi. Mimi nasema iache kabisa. Mtoto anayejifunza lugha mpya hawezi kuthubutu huku anaogopa.

Utani wa makabila tunaupenda, na kati ya walimu ofisini ni chumvi ya maisha. Mpare amtanie Mchaga, hewala. Utani lakini una sharti moja: anayetaniwa aweze kurudisha. Mwanafunzi hawezi kukurudishia. Ukimwambia Gidamis "ninyi watu wa mikuki" mbele ya darasa, wenzake wamepata jina la kumwita hadi Darasa la Saba.

Ziko wilaya ambako wakulima na wafugaji wamefikia kuuana kwa ajili ya ardhi. Kiteto na Kilosa ni mifano inayojulikana. Watoto wa pande zote mbili wako kwenye dawati moja. Usiandae mdahalo wa nani ana haki ya bonde lile. Wape kazi ya pamoja yenye tatizo halisi lisilo na mshindi, kama kuchora ramani ya njia za mifugo, visima na mashamba ya kijiji, kila mtoto akijaza anachokijua. Na ghasia zikitokea kweli, siku ya kurudi shuleni panga madawati wewe mwenyewe. Ukiwaachia wachague, watakaa kwa makabila.

Kalenda

Daftari la mahudhurio linasema mtoto hakuja. Halisemi kwa nini. Andika sababu kwa penseli kwa muhula mmoja na utaona mpangilio. Kiangazi kikizidi, familia za wafugaji zinahama na watoto. Siku ya mnada nusu ya wavulana hawapo. Kama ungepangiwa visiwani Ukerewe badala ya Manyara, ungeona mahudhurio yakifuata mwezi: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na watoto huanika mwaloni asubuhi, mbalamwezi ikitoka wanarudi darasani. Ukishajua, mada ngumu na majaribio yasiangukie siku hizo. Familia ikihama, zungumza na mwalimu mkuu mtoto apokelewe kwa muda katika shule au kituo shikizi kilicho karibu na malisho, na umpe barua inayoonyesha amefikia wapi. Karatasi hiyo moja inazuia asirudishwe nyuma darasa.

Dini nazo zina kalenda zake. Mwanahamisi akiwa amefunga Ramadhani, usimpe mbio za mchana kwenye michezo. Awe mwamuzi au mweka alama. Mtoto wa Kisabato hatakuja Jumamosi kwa masomo ya ziada ya Darasa la Saba, kwa hiyo masomo hayo yasifundishe kitu ambacho hakitarudiwa. Na ukifundisha lishe bora, kumbuka kwamba familia nyingi za Kimaasai na Kiiraqw kwa desturi hazili samaki. Taja maharage, maziwa na damu pia, ambayo Wamaasai wanaijua kama chakula cha mgonjwa na mzazi. Mtoto asiondoke akiamini kwamba kwao hakuna protini.

Mkutano wa wazazi

Usiitishe siku ya mnada. Ukishindwa siku nyingine, basi uhamishie mnadani penyewe, chini ya mti, saa nne kabla biashara haijachangamka. Mpitie mwenyekiti wa kijiji, lakini kwa Wamaasai mpitie na laigwanan, kiongozi wao wa kimila, kwani neno lake linafika maboma ambayo barua ya shule haifiki. Wanaume watakaa mbele na kuzungumza, wanawake watakaa nyuma na kunyamaza, na ndio wanaojua mtoto alikula nini na alilala saa ngapi. Baada ya mkutano wa wote, mwombe mwalimu wa kike akae na akina mama peke yao. Habari zitakazotoka huko ndizo utakazozifanyia kazi.

Anza na jema la mtoto, jambo mahususi uliloliona kwa macho yako. Mzazi aliyezoea kuitwa shule kwa ajili ya michango na utoro tu akisikia kwamba binti yake amewafundisha wenzake ishara za namba, atarudi bila kuitwa.

Mahali pa kusimama

Kuheshimu mila si kukubali kila kinachofanywa kwa jina la mila. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, na Manyara umekuwa miongoni mwa mikoa ambako bado unafanyika kwa wingi. Likizo ya Desemba ndiyo ya hatari. Binti akianza kukaa kimya Novemba, akisema kuna sherehe nyumbani au anasubiriwa na bibi wilaya nyingine, usingoje kufungua shule. Mwone mwalimu wa malezi na ushauri nasaha, afisa ustawi wa jamii, na dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba 116 ya simu kwa watoto hupigwa bure. Binti aliyepata mimba naye ana njia: tangu waraka wa mwaka 2021, anaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi baada ya kujifungua, na wazazi wengi bado hawajaambiwa. Waambie wewe.

Hapo ndipo utakapoona faida ya chai uliyokunywa bomani. Mwalimu anayefika kwa mara ya kwanza kuja kukataza anafukuzwa. Yule ambaye wazee wanamjua, ambaye anawasalimu watoto wao kwa kuwagusa utosini na kutamka majina yao sawasawa, atasikilizwa hata akileta neno chungu. Na kama hatasikilizwa, walau msichana atajua amkimbilie nani.

Ukihamishwa, usiondoke na uliyoyaandika nyuma ya daftari lako la maandalio. Yanakili kwa usafi na umwachie mwalimu mkuu: sauti zinazowasumbua watoto kwa kila lugha, siku ya mnada, miezi ya kuhama, mzazi gani huzungumza kwa niaba ya boma lipi, nani alitakiwa aulizwe jina la babu badala ya mama. Andika kwa kalamu ya wino, maana mwalimu anayekuja naye atakuwa ametoka mbali, na yeye ataongeza yake.